Sentimita ngapi ziwe kali? Milimita za lenzi, ukubwa wa picha na kazi za harusi Pemba

Wasichana wanaoanza kupiga picha za harusi upande wa wanawake, hapa Chake Chake na kule Wete, huniuliza swali lile lile: ninunue lenzi ya milimita ngapi ili nyuma ya bi harusi kuwe na ukungu mzuri? Nami huwauliza kwanza: unataka sentimita ngapi za bi harusi wako ziwe kali, na picha itasafishwa kwa ukubwa gani? Ukishayajua hayo mawili, habari ya lenzi inakuwa nyepesi. Usipoyajua, utanunua lenzi ya bei kubwa na bado sikio la bi harusi litakutoka na ukungu huku hereni ya dhahabu aliyopewa na mama yake haionekani.

Lenzi hulenga umbali mmoja tu. Ukilenga jicho lililo mita 2 kutoka kwenye kamera, kilichopo mita 2 barabara ndicho kikali kwelikweli. Vya mbele na vya nyuma yake vinalegea kidogo kidogo. Lakini macho yetu hayauoni ulegevu mdogo, ndiyo maana kuna masafa fulani, mbele na nyuma ya pale ulipolenga, tunayoyaona makali. Masafa hayo nayaita kina cha ukali. Hayana mpaka uliochorwa. Yanaishia pale mtazamaji anapoanza kuuona ukungu, na kwa kuwa picha kubwa huonyesha ukungu mapema kuliko ndogo, ukubwa wa picha umo ndani ya hesabu tangu mwanzo.

Mwanga wa kila nukta hupita kwenye tundu la lenzi ukaenda kwenye sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachoupokea, kwa umbo la faneli, mdomo mpana kwenye tundu na ncha upande wa sensa. Nukta iliyo kwenye umbali uliolenga, ncha yake hutua juu ya sensa. Iliyo karibu zaidi, ncha inaangukia nyuma ya sensa. Iliyo mbali zaidi, inaishia mbele yake. Kwa hiyo kwenye sensa panabaki kiduara badala ya nukta. Kiduara kikiwa kidogo mno, jicho hukihesabu nukta. Kikikua, tunauita ukungu. Tundu likiwa pana, faneli ni nene na viduara vinakua upesi.

Upana wa tundu unaujua kwa kugawanya milimita za lenzi, yaani urefu wa fokasi ulioandikwa juu yake, kwa namba ya f, ile unayoiweka kwenye kamera kupanua au kuziba tundu. Lenzi ya 50 kwenye f/2 ina tundu la milimita 25. Lenzi ya 100 kwenye f/4 nayo ni 25. Lenzi ya 18 kwenye f/4 ni milimita 4 na nusu. Simu ya kawaida yenye lenzi ya milimita 4 kwenye f/1.8 ina tundu la milimita 2 na kidogo tu, ingawa tangazo la dukani linajivunia hiyo f/1.8. Namba ya f peke yake haikwambii ukungu, inakwambia mwanga.

Pima kwa futi ya cherehani

Usiyachukue haya kwa maneno yangu. Tafuta futi ya fundi cherehani, ile laini ya sentimita 150, uilaze juu ya meza ndefu au barazani, ianzie upande wako iende mbali. Chomeka pini ya mtandio palipoandikwa 75. Simamisha kamera kwenye stendi, mita 2 kutoka kwenye pini, juu kidogo ya usawa wa meza ili namba zisomeke kwa mshazari. Zima otofokasi, lenga kichwa cha pini kwa mkono, kisha piga kwa f/2, f/4, f/8 na f/16. Usibadilishe kitu kingine ila spidi ya shata. Zifungue picha kwenye kompyuta, utafute namba ya kwanza na ya mwisho zinazosomeka bila kukisia. Tofauti yake ndiyo kina chako.

Kamera yangu ina sensa ya APS-C, yenye upana wa milimita 23 na nusu na kimo cha 15 na nusu hivi. Kwa lenzi ya 50, umbali wa mita 2, hesabu ya kawaida inatoa kama sentimita 13 kwa f/2, kama 26 kwa f/4, na 51 kwa f/8. Namba ya f ikizidi mara mbili, kina nacho kinazidi mara mbili. Umbali una nguvu kuliko hapo. Ukisogea kutoka mita 2 hadi mita 1, kina hakibaki nusu, kinabaki robo: sentimita 13 zinakuwa 3. Jicho la karibu liko ndani, la upande wa pili lishatoka. Wengi wanadhani kamera imekosa fokasi, kumbe walijisogeza tu hatua moja.

Kwa f/16 utaona jambo jingine. Namba nyingi zaidi zinasomeka, lakini kichwa cha pini chenyewe kimepoteza makali kidogo, kwa sababu tundu dogo sana huutawanya mwanga kwenye kingo zake. Kwa sensa kama yangu sipendi kuvuka f/11.

Milimita za lenzi

Tunafundishwa kwamba lenzi ndefu ina kina kifupi. Ni kweli ukisimama pale pale. Kutoka mita 2, kwa f/4, lenzi ya 18 inakupa ukali kuanzia mita 1.3 hadi karibu mita 4, na lenzi ya 50 inakupa zile sentimita 26 tu. Lakini kazini nani anabadilisha lenzi akasimama pale pale? Ukivaa ya 100 unarudi nyuma, ukivaa ya 18 unasogea mbele, mpaka bi harusi ajae kwenye fremu vile vile.

Basi fanya hivyo na futi yako. Lenzi ya 18 iweke sentimita 72 kutoka kwenye pini, ya 50 iweke mita 2, ya 100 iweke mita 4. Zote f/4. Pini itakuwa na ukubwa ule ule katika picha tatu, na kina kitakuwa karibu kile kile: sentimita 26 hivi kila mara. Milimita zimeongezeka zaidi ya mara tano na namba zinazosomeka hazikubadilika. Kinachotawala ni ukubwa wa kitu ndani ya picha na namba ya f. Hili ukilishika, umeshashika zaidi ya nusu ya somo, na ndilo ninalotaka kila anayeanza alijue kabla hajatoa pesa yake.

Kinachobadilika ni vingine. Cha kwanza ni uso: kwa sentimita 72 pua inajitokeza na masikio yanarudi nyuma, na hakuna bi harusi atakayekushukuru kwa hilo. Cha pili ni nyuma. Tuseme bi harusi amesimama mita 4 mbele ya pazia lenye taa ndogondogo. Lenzi fupi itakuletea ukumbi mzima, na viti vya plastiki, na waya wa spika. Ya 100 itakata kipande kidogo cha pazia na kukikuza, na viduara vya zile taa vitakuwa vikubwa mara moja na nusu kuliko vya lenzi ya 50. Hapo ndipo watu wanaposema kina kimekuwa kifupi. Kina ni kile kile. Nyuma ndiko kulikokuzwa pamoja na ukungu wake.

Cha tatu ni mgawanyo. Kuna kauli inayozunguka kwamba theluthi moja ya kina iko mbele ya pale unapolenga na theluthi mbili nyuma. Kwa lenzi ya 18 kwenye jaribio letu, ni sentimita 11 mbele na 15 nyuma. Kwa ya 100, ni karibu nusu kwa nusu. Ile kauli huwa kweli kwenye umbali mmoja tu kwa kila lenzi na kila namba ya f, basi usiifanye sheria.

Kuhusu ukungu wenyewe nina msimamo wangu. Familia imekodi mapambo, imeshona mapazia, shangazi wamekesha wakitunga asumini. Ukivigeuza vyote uji wa rangi katika kila picha, umewanyima walichokigharamia. Mimi hupiga picha chache za uso kwa f/2.8 au f/4, na zilizobaki nahakikisha ukumbi unatambulika.

Ukubwa wa sensa

Hapa pana mkanganyiko mkubwa zaidi, kwa sababu majibu mawili yanayopingana yote ni sahihi. Shoga yangu tunayegawana naye harusi kubwa ana kamera ya fulifremu, sensa ya milimita 36 kwa 24. Lenzi yangu ya 50 inaingia kwenye kamera zote mbili, kwa hiyo tunaweza kuzishindanisha.

Tukisimama wote mita 2, lenzi ile ile, f/2, yeye anapata kina cha sentimita 19, mimi 13. Sensa ndogo imetoa kina kifupi! Sababu ni kwamba sensa yangu imechukua sehemu ya katikati tu ya kile lenzi ilichomimina. Ili picha zetu zote zifike sentimita 20 kwa 30 kwenye karatasi, ya kwake inakuzwa mara 8 na kidogo, ya kwangu karibu mara 13. Viduara vya ukungu vinakuzwa pamoja nayo, na ukungu usioonekana kwake unaonekana kwangu. Ndiyo maana hata ukikata picha kwenye kompyuta ukabakisha uso tu, kina kinapungua, ingawa picha umeshaipiga.

Lakini picha yake si sawa na yangu: yeye amechukua bi harusi hadi kiunoni na nafasi pembeni, mimi nimekaza zaidi. Akitaka fremu kama yangu kwa lenzi ile ile, itabidi asogee hadi mita 1.3 hivi. Akifika hapo kina chake kinashuka hadi sentimita 8 na nusu. Sasa sensa kubwa ndiyo yenye kina kifupi. Sentimita 19, 13 na 8 na nusu, zote kwa lenzi moja na namba moja ya f. Basi mtu akikwambia sensa kubwa ina ukungu zaidi, muulize: umesimama wapi, na fremu inafanana?

Tukitaka picha zilizo pacha, kutoka mahali pamoja, fremu moja na kina kimoja, tunazidisha milimita zangu na namba yangu ya f kwa 1.5. Lenzi yangu ya 50 kwenye f/2 inalingana na lenzi ya 75 kwenye f/3 kwake. Gawanya: 50 kwa 2 ni 25, na 75 kwa 3 ni 25. Tundu lina upana ule ule. Kwa simu hesabu inakwenda upande wa pili. Simu ya sensa ndogo yenye lenzi ya milimita 4 kwenye f/1.8 inatoa kina kinachokaribia cha kamera yangu kwenye f/7 au f/8.

Fremu ya milimita 24 kwa 36 tunayoiona kubwa leo ilikuwa ndogo sana kamera ya Leica ilipoingia sokoni nayo mwaka 1925. Wapiga picha wa enzi hizo walizoea filamu kubwa na sahani kubwa za kioo zilizotumika badala ya filamu. Kwa filamu ya inchi 4 kwa 5, lenzi ya kawaida ni ya milimita 150, na kwa f/4 kina cha uso ni kidogo mno, ndipo wakaziba matundu hadi f/22 na zaidi na kuwaambia watu wasitikisike. Mwaka 1932 huko California wapiga picha kadhaa, Ansel Adams na Edward Weston wakiwamo, waliita kundi lao f/64 kwa sababu hiyo hiyo ya kutaka ukali kutoka mbele hadi nyuma. Kwenye simu, namba ya aina hiyo haina kazi yoyote.

Picha itasafishwa kwa ukubwa gani?

Hesabu zote nilizotoa zinachukulia picha ya sentimita 20 kwa 30 iliyoshikwa mkononi. Ikitumwa kwa simu itakuwa ndogo zaidi na itaonekana kali kila mahali, na skrini ya nyuma ya kamera nayo inakudanganya vivyo hivyo. Kuza kwenye skrini mpaka uone kope kabla hujawaruhusu watu watawanyike.

Picha ya ukoo ndiyo inayoumiza. Tuseme watoto wamekaa mkekani, wazee kwenye viti nyuma yao, na wengine wamesimama. Umevaa lenzi ya 35 kwenye APS-C, umesimama mita 4.5 kutoka kwenye viti, umelenga nyuso za wazee. Kwa f/2.8, kwenye karatasi ya 20 kwa 30, ukali unaanzia mita 3.7 hadi 5.6. Wote wamo. Wiki mbili baadaye baba mwenye nyumba anataka picha ile ile kwa sentimita 60 kwa 90 atundike sebuleni. Imekuzwa mara tatu zaidi, na mtu akiitazama kwa karibu ukali unabaki kati ya mita 4.2 na 4.8. Wazee ni wazima; watoto na waliosimama wameingia ukungu.

Utasema picha kubwa hutazamwa kwa mbali, na ni kweli kwamba 60 kwa 90 ikitazamwa kwa umbali mara tatu, kina kinarudi kama mwanzo. Ila katika nyumba zetu picha ya ukoo haitazamwi hivyo. Kila mgeni anaisogelea mpaka kidole kiguse kioo, akimtafuta marehemu bibi au akijitafuta mwenyewe alipokuwa mdogo. Piga kwa ajili ya mtu huyo. Kwa f/8 kutoka mahali pale pale, hata kwenye karatasi kubwa, ukali unafika kati ya mita 3.8 na 5.6. Sogeza mkeka karibu na viti, wabane waliosimama, usiache njia katikati. Mwenye fulifremu avae ya 50 na azibe hadi f/11.

f/8 inataka mwanga. Picha za ukoo nazipiga alasiri nje, kabla ya Magharibi, kwenye kivuli cha nyumba. Ikishindikana, ndani naelekeza flashi kwenye dari, kama dari ni nyeupe.

Mikono ya bi harusi

Hii ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo yenye kina kifupi kuliko zote, kwa sababu kitu kimekuwa kikubwa ndani ya fremu. Lenzi ya 50, sentimita 60 kutoka mikononi, f/2.8: kina ni sentimita 1 na nusu. Ua moja la hina kwenye kidole cha kati litakuwa kali, na mistari ya piko kwenye kifundo itakuwa imeyeyuka. Kwa f/8 unapata sentimita 4 hivi, zinazotosha viganja viwili vilivyolazwa kimoja juu ya kingine.

Kuna njia ya kupata zaidi bila kugusa namba ya f. Kina ni bamba lililo sambamba na sensa. Ukimwambia alaze mikono juu ya mto na wewe ukainama hadi kamera itazame viganja moja kwa moja, mchoro wote unaingia ndani ya bamba. Ukipiga kwa mshazari unalitoboa bamba na vidole vinaingia na kutoka. Kwa hiyo kabla ya kuziba tundu, geuza kamera.

Kwa karafuu zinazoanikwa kwenye majamvi kando ya barabara ya Wete, mambo ni rahisi: lenzi ya 18, f/8, lenga kitu kilicho mita 2. Ukali utaanzia mita 1 mpaka upeo wa macho, na karafuu zilizoanza kugeuka hudhurungi zitasomeka moja moja pamoja na mikarafuu ya mlimani. Usilenge mlima, ukilenga mlima unapoteza jamvi la mbele bure.

Na kama una simu tu, zima modi ya potreti unapopiga mikono au kichwa chenye asumini. Programu inakisia mpaka wa kitu, na kwenye mtandio mwepesi, nywele na nyuzi za maua inakata vibaya. Tafuta ukungu wa kweli kwa kusogea: simu sentimita 20 kutoka mikononi, ambapo kina chake ni kama sentimita 4, na pazia au ukuta uwe mita 3 au zaidi nyuma. Gusa kwenye skrini ua la hina unalolitaka, shikilia kidole mpaka fokasi ijifunge, rudisha pumzi, kisha upige.